Kichwa Alichokigusa Moloimet

Kambini, nje ya Malambo
26 Novemba 2024

Mpwa wangu Selestina,

Barua yako nimeipokea mkononi mwa Adrian, inanuka mbuzi, maana lori lake la mnadani halichagui mzigo. Shikamoo yako nimeiitikia kwa sauti, marahaba, mpaka Adrian akageuka kuangalia nazungumza na nani. Mimi mzima. Nimenenepa. Upepo wa huku unanenepesha.

Umeuliza kwa nini simu yangu haipatikani. Fisi aliimeza. Nilikuwa nimeiweka juu ya jiwe ninawe uso, akapita akadhani mfupa. Basi kila ulipokuwa unanipigia, yeye anaita tumboni, anatimua mbio, anajikimbia mwenyewe. Alipofika kwenye kile kilima chenye mtandao, meseji zote zikaingia kwa mpigo, akaanguka chali. Wafugaji wa huku ni mashahidi. Kwa hiyo tuandikiane kwa kalamu kama watu wenye heshima, Adrian atakuwa tarishi wetu.

Nimefurahi umemaliza chuo cha hoteli. Bibi yako angekuwa hai angepiga vigelegele mpaka Mbulu wangesikia. Tangu tumzike wakati wa Pasaka, katika ukoo tumebaki mimi na wewe wa kujivunia, na mimi tayari ni mtu mkubwa, basi imebaki wewe.

Huku msimu umechanganya. Kambi yangu imejaa, mahema yote yana watu, hata la stoo tumemlaza Mjerumani. Kila jioni wananizunguka kwenye moto, Piusi tupe hadithi, Piusi usiende kulala. Ningekuchukua kesho, lakini wewe umesoma, unajua. Mkuu wa kambi akileta ndugu, wenzake watasema Piusi anaijaza kampuni kwa ukoo wake. Jina langu ni safi, siwezi kulichafua hata kwa ajili yako.

Ila ushauri nitakupa, tena bure. Mimi shule niliiacha darasa la tano, mwalimu akalia, lakini haya hawakukufundisha chuoni. Kazi haitafutwi kwa sivii. Kazi inatafutwa kwa salamu. Majira haya wenye vyeo wanarudi makwao kula Krismasi. Mtu akiwa ofisini Dar humwoni ng'o. Akija Karatu anasimama nje ya kanisa kama wewe, anapigwa na jua lile lile. Leonce, yule mtoto wa jirani aliyepanda mpaka akawa mkubwa wa hoteli Dar, lazima yupo. Mwendee baada ya misa. Usimwombe kazi! Muulizie ng'ombe wa baba yake. Akishamaliza mambo ya ng'ombe, mwenyewe atakuuliza, na wewe dada siku hizi unafanya nini? Hapo umemshika pembe.

Uniandikie alivyojibu.

Mjomba wako,
Piusi
Mkuu wa Kambi


Karatu
2 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa simu, na pole kwa fisi.

Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio na Leonce alikuwepo kweli, amevaa miwani ya jua mpaka ndani ya kanisa. Misa ilipoisha nikatoka haraka ili niwe wa kwanza. Sikuwa wa kwanza, Mjomba. Vijana wote tuliomaliza mwaka huu tulikuwa pale tumemzunguka kama ng'ombe kwenye birika la maji, na wote tumefundishwa na wajomba. Mmoja anamuulizia shamba, mwingine anamuulizia mguu wa mama yake. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Kaka Leonce, ng'ombe wa mzee hawajambo?"

Akasema, "Mzee aliuza wote, dada, mwaka juzi. Na wewe unatafuta kazi?"

Watu wakacheka. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ingia kwenye grupu." Amefungua grupu la WhatsApp la kusaidiana ajira, ameingiza Karatu nzima. Toka jana simu inalia kila mara, naruka nikidhani kazi imetoka, kumbe ni picha ya mshumaa na maneno ya heri ya Noeli.

Siku za kazi natembea. Nimezipita loji zote za huku mjini na za njia ya kwenda geti la hifadhi. Meneja humwoni. Unampa askari wa mlangoni CV yako, naye anaiweka chini ya jiwe ili upepo usiichukue. Kwenye loji moja nilirudi baada ya wiki, nikaikuta ya kwangu imo pale pale chini ya jiwe, imelowa mvua, juu yake kumeongezeka za wengine.

Hyasinta niliyepanga naye chumba yeye amepata, analala hukohuko kazini. Alipokuwepo nilikuwa nalalamika chumba kidogo. Sasa nikiangusha kijiko sauti inazunguka.

Nikwambie ukweli, Mjomba. Wanachukua watu wa msimu mpaka wiki ya Krismasi tu. Ikishapita hapo hakuna anayeajiri tena mpaka mwezi wa sita, na mimi siwezi kukaa hapa mpaka mwezi wa sita. Nisipopata kabla ya sikukuu narudi Kansay kulima, na cheti nakitia kwenye sanduku la Bibi pamoja na vitenge vyake.

Najua umesema haiwezekani. Lakini nichukue huko kwako, hata kuosha masufuria. Sitasema kwamba sisi ni ndugu. Nitakuita bosi. Krismasi tutakaa wote.

Mpwa wako,
Selestina


Kambini, nje ya Malambo
6 Desemba 2024

Selestina,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi, kwa sababu ya mwandiko wako mzuri.

Hapa haiwezekani. Wageni wa msimu huu ni wa shida, wanataka masufuria yaoshwe na mtu mwenye Kifaransa. Tusilizungumze tena.

Huyo Leonce mwache na miwani yake. Kosa langu, nilikutuma kwa mtoto. Sasa nakutuma kwa mwanaume. Kwenye loji moja kule juu, ukingoni mwa kreta, kuna mtu anaitwa Moloimet. Ndiye mkubwa wa wafanyakazi, anaajiri na kufukuza. Huyo ni rika langu.

Usinicheke. Najua mimi ni Mwiraqw wa Kansay, Mmbulu kama wanavyotuita, lakini ujana wangu niliumalizia kwa Wamasai. Mwaka ule wa kiangazi kikali simba watatu waliingia kwenye boma la kina Moloimet. Morani wote walikuwa mbali na mifugo. Nilikuwepo mimi, na fimbo, na kitu kidogo cha kutafuna. Wa kwanza nilimpiga puani. Wa pili alipoona wa kwanza amepigwa puani akaomba radhi. Wa tatu mpaka leo hajulikani aliko. Wazee wakakaa wakasema, huyu hatuwezi kumrudisha kwao hivihivi, wakanitia kwenye rika la Makaa pamoja na Moloimet na wenzake waliotahiriwa msimu ule. Na rika kwa Wamasai si mchezo. Mtoto wangu ni mtoto wao wote, hata kumtania vibaya hawathubutu. Wewe ni mtoto wa dada yangu Katarina, Mungu amrehemu, kwa hiyo wewe ni wangu, kwa hiyo wewe ni mtoto wa Makaa.

Sasa sikiliza, usiharibu. Ukifika usitangulize karatasi. Tanguliza kichwa. Msogelee, usiseme neno, inamisha kichwa mbele yake kama watoto wa Kimasai wanavyowaamkia wazee. Atakigusa kwa kiganja. Lazima akiguse, hajazaliwa Mmasai wa kukiacha kichwa cha mtoto kikining'inia. Atakwambia "Takwenya," wewe itika "Iko." Akiuliza mtoto wa nani, useme wa Piusi wa Makaa. Basi. Akishakugusa kichwa wewe ni mwanawe, na mtu hamwachi mwanawe nje ya mlango.

Ufanye mbele za watu, ili asije akakataa baadaye.

Mjomba wako,
Piusi
Mkuu wa Kambi, Makaa


Karatu
12 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nilifanya kama ulivyosema, na mbele za watu.

Nilipanda kwa lifti na gari la mboga linalopeleka kabichi lojini. Nilimkuta Moloimet mapokezi. Ni mrefu, amevaa tai, redio ya mawasiliano mkononi, anakaribisha wageni walioshuka kwenye magari wana vumbi mpaka kope. Nikapita katikati yao, nikasimama mbele yake, nikainama.

Mkono wake ulitoka wenyewe, Mjomba. Nadhani hakuwahi hata kufikiri. Akanigusa utosini, akaniita binti kwa Kimasai, "Ndito, takwenya." Nikasema, "Iko." Halafu mama mmoja wa Kizungu akapiga picha, na mumewe, mzee mwenye kofia, akaja akainamisha kichwa chake nyuma yangu kwenye mstari. Walidhani ndiyo karibu ya hoteli. Moloimet afanyeje? Akamgusa na yeye. Wakapanga foleni.

Wageni walipokwisha akaniuliza mtoto wa nani. Nikasema wa Piusi wa Makaa.

"Piusi yupi? Muuza chumvi?"

Akacheka mpaka tai ikahama. Akanipeleka ofisini, akaagiza chai ya maziwa na mkate. Nikamwambia habari ya simba. Akasema simba hakuwaona yeye wala mama yake. Anachokumbuka ni kijana Mmbulu aliyekuja bomani kwao na punda wawili wa chumvi, akashikwa na malaria, akalia usiku kucha akimwita mama yake wa Kansay, na mama yake Moloimet akamnywesha maziwa kwenye kibuyu chao, mwezi mzima, mpaka akasimama. Wazee wakasema aliyenyonya hapa na Makaa ni wa Makaa. Akaniambia, "Kwa hiyo kuwa wetu hajadanganya. Amedanganya simba tu."

Nikatoa karatasi zangu. Akazisoma zote, pole pole. Kisha akavua miwani.

"Ungekuja na hizi tu," akasema, "leo hii ungelala umeajiriwa. Usafi wa vyumba nina nafasi, na cheti chako ni kizuri. Lakini kampuni ina kanuni. Kiongozi haajiri mtoto wake, wala wa ndugu yake, wala wa kufikia. Nilisaini mwenyewe."

Nikasema, lakini mimi si mtoto wako.

Palepale mlango ukafunguliwa, mpishi mmoja akachungulia, "Bosi, hongera! Hatukujua una binti Mmbulu!" Huko nyuma yake jiko zima linacheka. Wengine hawakucheka. Nilimsikia mmoja akisema, ndiyo maana dada yangu hakuitwa.

Moloimet akasubiri mlango ufungwe. Akasema, "Unawasikia? Ili nikuajiri lazima nitoke pale niwaambie huyu si mwanangu. Nikukane mbele ya watu walioniona nimekugusa kichwa. Hilo sitalifanya, hata wakinipa hoteli iwe yangu."

Ndiyo hivyo. Nilirudi na gari lile lile, makabichi yameshuka, nimebaki mimi na magunia.

Jambo moja zaidi. Aliuliza uko wapi siku hizi, nikamwambia kambi gani. Akasema hiyo kambi ilifungwa mwaka juzi, mwenye kambi hakurudi tena, hata wageni haina. Nikamwambia huenda anachanganya na kambi nyingine. Na Adrian nilimuuliza kambi yako inaendeleaje, akasema nzuri, halafu akaanza kukaza turubai ambalo lilikuwa limekazwa.

Mjomba, mimi kazi nimeikosa. Imebaki wiki moja na sina mlango mwingine wa kugonga. Tarehe ishirini na mbili nitakuwa Kansay, nitafungua nyumba ya Bibi, nifagie, niwashe moto. Toka azikwe haijafunguliwa. Naomba uje. Najua una wageni wengi. Hata siku moja tu, wao wamezoea kusubiri wanyama, watakusubiri na wewe.

Selestina


Kambini
15 Desemba 2024

Mwanangu Selestina,

Ulimjibu vizuri. Ni kambi nyingine.

Na mambo ya malaria Moloimet amechanganya na mtu mwingine, Wambulu wauza chumvi tulikuwa wengi. Lakini mama yake alikuwa mtu mwema, hilo kweli.

Usisikitike. Kosa si lako wala la Moloimet wala langu. Ni la hizo kampuni, zimeandikiwa kanuni na watu wasiokuwa na shangazi.

Habari ya huku ni kwamba nakuja. Mambo yamejipanga yenyewe. Mwenye kambi ameamua tupumzike kidogo, amepiga simu kwa afisa mtendaji nikaitwa, lori linakuja kesho kuchukua mahema, vitanda, magodoro, yote, yanakwenda Arusha kwa mnunuzi. Alitaka nibaki niangalie mahali, nikamwambia bwana, mahali hapaibiwi. Basi tumeelewana vizuri sana, tumeachana kwa heshima, akanishukuru. Wahudumu wote nimewapa likizo. Wageni wamelia.

Nitapanda na lori hilo hilo. Nimenunua beberu Malambo, mkubwa kama ndama, ana ndevu kama padre wa zamani. Nitashuka naye Karatu, kisha tutatafuta njia ya Kansay. Barua hii nampa mwalimu wa hapa anayewahi likizo kwa pikipiki, ataiacha chumbani kwako.

Fagia vizuri, mimi nina kifua cha vumbi. Washa moto lakini usipike mpaka nifike, nataka nikupikie mwenyewe kama ninavyowapikia mabalozi. Tutakaa mpaka tuchokane. Nina mengi ya kukusimulia ambayo kwenye karatasi hayakai.

Nimefurahi umekosa. Hapana, sikusema hivyo. Nimefurahi utakuwepo.

Mjomba wako,
Piusi


Karatu
16 Desemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo! Nimepata!

Jana mchana nilikuwa nafua nje, nikasikia mtu anauliza kwa wapangaji, "Mtoto wangu anakaa hapa?" Moloimet. Ameteremka mjini kununua vitu vya sikukuu, amevaa shuka, bila tai sikumtambua. Akasema, "Kwangu sikuweza kukuajiri kwa sababu ni mwanangu. Lakini kwa sababu ni mwanangu sikuweza kulala. Ingia kwenye gari."

Akanipeleka kwa mama anayeitwa Naipanoi, anaendesha kambi ya mahema upande wa Ndutu, alikuwa sokoni anapakia mahitaji. Moloimet akamwambia, "Huyu binti yangu."

Naipanoi akaniangalia kutoka chini mpaka juu. "Wa kuzaa au wa kugusa?"

"Wa kugusa."

"Afadhali. Wa kuzaa wanadeka."

Akanifanya nitandike godoro pale pale nyuma ya gari, juu ya magunia ya vitunguu, watu wa sokoni wanatazama. Nikatandika, nikakunja pembe kama tulivyofundishwa. Akarusha ndimu juu ya shuka kuona kama limekazwa, ikadunda. Akasema, "Kesho kutwa asubuhi tunaondoka."

Kwa hiyo tarehe kumi na saba naondoka, Mjomba. Nitakuwa huko Krismasi, mwaka mpya, mpaka nyumbu wamalize kuzaa, mwezi wa tatu hivi. Hakuna ruhusa katikati, amesema mapema, na mtandao hakuna. Jana nilifurahi mpaka nikaruka. Leo nafunga vitu vyangu na chumba kimekuwa kitupu zaidi, najiuliza Krismasi itakuwaje kuwatandikia watu vitanda ukiwa huna unayemjua hata mmoja. Wewe umezoea, ungenifundisha.

Basi Kansay sitakuwepo. Ufunguo wa Bibi nimemtumia Mzee Hhando, jirani yake, pamoja na habari hii. Usijisumbue tena kuacha wageni wako kwa ajili yangu. Adrian anapanda Malambo kesho, nimempa barua hii, nimemwambia aikimbize kabla hujaanza kujiandaa.

Kuna neno la Moloimet pia. Lojini wanatafuta mlinzi. Amesema, "Mwambie Piusi aje mwenyewe. Yeye si mwanangu, ni rika, na rika kanuni haikulitaja." Nilimwambia wewe ni mkuu wa kambi. Akasema, "Najua, mwanangu. Mwambie tu."

Nisalimie wageni wako wote.

Binti yako,
Selestina


Kansay, nyumbani
25 Desemba 2024

Selestina mwanangu,

Heri ya Noeli. Barua zetu zimepishana njiani. Ya kwako Adrian aliifikisha Malambo akakuta mashimo ya mahema tu, akarudi nayo mpaka Karatu, akampa Mzee Hhando siku ya gulio, na Mzee Hhando ameniletea leo baada ya misa. Ya kwangu sijui iko wapi, labda mwenye nyumba wako anaisoma. Haikuwa na jambo la maana.

Nipo hapa toka tarehe ishirini na mbili. Lori lilituharibikia njiani siku nne, nikafika jioni na beberu wangu, nikaona mlango umefungwa, nikasema, ah, Selestina amechelewa gari. Nikakaa nje. Baadaye Mzee Hhando akaona mbuzi asiyemjua, akaja, akanipa ufunguo na habari. Hongera sana! Nilipiga kelele ya furaha, kijiji kizima kilitoka. Niliwaambia, mimi ndiye niliyemwambia ainamishe kichwa. Mnaona? Watu wanasema Piusi muongo. Njia ilizunguka kidogo, lakini ilifika.

Sikukuu imefana sana. Watu wamejaa. Viti vyote sita vya Bibi vimekaliwa, nimevikalia kimoja kimoja kwa zamu ili kisijisikie vibaya hata kimoja. Chakula kilikuwa kingi, kimebaki. Mbuzi sijamchinja, nimeona si adabu, ndiye mgeni pekee aliyefika mapema. Ameingia ndani mara mbili, ananitazama na zile ndevu, nikamsimulia habari ya fisi na simu. Hakucheka. Ni mbuzi wa Malambo, hawa wanaijua ile nchi.

Mzee Hhando aliniita kwake tule pamoja, ana wajukuu wamekuja kutoka Arusha, nyumba inalia kama mzinga wa nyuki. Nikamwambia nina wageni. Akaangalia nyuma yangu, akasema haya.

Nilifagia. Kuna buibui alikuwa amejenga kwenye kiti cha Bibi, nimemhamishia dirishani. Nimewasha moto ule wa mafiga, umetoa moshi sana mwanzoni kwa sababu haujazoea, sasa unaenda vizuri.

Kuhusu Moloimet. Mwambie nimesikia na nimeshukuru, na mama yake Mungu amlaze pema. Lakini mimi nikienda pale kuomba kazi itabidi niiname, na rika haliinamiani. Angenigusa kichwa mbele ya wapishi, halafu na mimi ningekuwa mwanawe, halafu kanuni ingetukamata wote. Hapana. Na mahali pasipo na watu nimelinda vya kutosha.

Umeniuliza Krismasi ya kazini inakuwaje ukiwa huna unayemjua. Haya, hili nalijua. Jioni, wageni wakishakwenda kula, wale wenzako wa kazi watakaa nyuma ya jiko kila mtu ataje kwao. Mmoja atasema kwetu leo wamechinja, mwingine atasema mama amenishonea. Ukikaa kimya pale ndipo panapouma. Mimi nilikuwa natunga. Ukitunga sana inafika mahali unasubiri mtu akuulize, wala hakuna aliyebaki wa kukuuliza.

Wewe usitunge. Nimeamua sirudi Malambo wala siendi popote. Nitalima hili shamba la Bibi, mvua imeshika, mbaazi bado zinawahi. Wakifika kwako, sema kwetu ni Kansay, nyumba iko wazi, yumo mtu. Itakuwa kweli, hata wakituma wa kuja kuangalia.

Mwezi wa tatu ukipata ruhusa, njoo. Usipopata, kaza shuka la watu. Mimi nipo.

Mjomba wako,
Piusi